Maumivu ya ubavu wa nyonga: ondoa kinachobana, ndipo ufanye mazoezi

Mtu akija kwangu na kusema nyonga inamuuma, kabla hajaanza kueleza namwambia aniwekee kidole panapouma. Kuna anayeshika kinena, kuna anayeshika tako au chini ya mgongo, na kuna anayebandika kiganja ubavuni, juu ya paja, pale penye mfupa unaochomoza. Wote watatu wamesema "nyonga", lakini mara nyingi wana maradhi matatu tofauti. Mwongozo huu ni wa huyo wa tatu. Swali langu la pili kwake ni hili: unalalia ubavu gani? Akijibu kwamba hakuna ubavu anaoweza kuulalia, nusu ya uchunguzi wangu imekwisha.

Kazi yangu ni fiziotherapia, na tatizo hili nimelishughulikia muda wa kutosha kuwa na msimamo nalo. Nauweka wazi mapema: maumivu haya hulishwa na kubanwa. Kwa hiyo tiba huanza kwa kuondoa kinachobana, usiku na mchana, kisha misuli hujengwa polepole. Vidonge, barafu na sindano vina kazi yake, lakini ni kazi ya msaidizi.

Kinachouma ni nini hasa

Mfupa wa paja, karibu na pale unapoingia kwenye tundu la nyonga, una nundu kubwa inayotazama nje. Simama, shika kiuno, halafu teremsha viganja taratibu kwa pembeni mpaka vikutane na mfupa mwingine mgumu. Ukizungusha mguu ndani na nje utauhisi ukitembea chini ya vidole. Hiyo ndiyo nundu.

Kwenye nundu hiyo hujishikiza kano za misuli miwili ya tako, ule wa kati na ule mdogo. Kazi kubwa ya misuli hii ni kuzuia kiuno kisiangukie upande mmoja kila unapoinua mguu kutoka ardhini, yaani katika kila hatua unayopiga. Juu ya kano hizo hupita ukanda mpana na mgumu unaoshuka ubavuni mwa paja hadi chini kidogo ya goti. Kati ya tabaka hizo kuna vifuko vyembamba vyenye ute, vinavyopunguza msuguano. Kifuko kikivimba ndipo daktari huandika basaitisi.

Kwa miaka mingi kila maumivu ya eneo hili yalibebeshwa kifuko. Kisha picha za altrasaundi zikaanza kutuonyesha kilichomo. Mwaka 2013 madaktari nchini Marekani walichapisha walichokiona kwa wagonjwa 877 wenye maumivu haya: kifuko kilichovimba kilikutwa kwa takriban mmoja kati ya watano tu, ilhali kano za misuli ya tako zilizochakaa zilikutwa kwa karibu nusu yao. Mara nyingi basi, hata cheti kikisema basaitisi, mgonjwa mkuu ni kano, na kifuko kimeumia kwa kuwa jirani yake.

Jambo hili linabadilisha tiba. Mwenye kifuko kilichovimba huambiwa apumzike hadi uvimbe upungue. Kano iliyochakaa ukiipumzisha kabisa inazidi kudhoofika, na siku utakayoinuka itauma kwa kazi ndogo kuliko mwanzo. Nimewapokea watu waliopumzika miezi kadhaa kwa utiifu mkubwa, na ngazi walizokuwa wakizipanda kwa taabu sasa zimewashinda kabisa.

Kubanwa kwenyewe hutokea hivi. Mguu ukivuka kuelekea upande wa pili, au kiuno kikitoka nje, ule ukanda wa ubavuni hukazwa juu ya nundu kama kamba iliyopindishwa kwenye kona ya ukuta, na kano na kifuko vilivyo chini yake husagwa. Shika picha hiyo. Karibu kila ninalokuambia hapa chini linatoka humo.

Wanaopatwa zaidi ni wanawake waliovuka miaka 40, hasa karibu na kukoma hedhi au baada yake. Wanaume nao wamo. Wamo pia wakimbiaji, walioongeza mwendo ghafla, wenye uzito mkubwa, wenye maumivu sugu ya mgongo au goti, na waliowahi kuangukia ubavu.

Hakikisha ni hili

Bonyeza ile nundu kwa kidole gumba. Kwa mwenye tatizo hili maumivu huwa makali, na anayatambua papo hapo: "Ndiyo hayo hayo." Halafu simama karibu na ukuta, uguse kwa ncha ya kidole tu ili usiyumbe, inua mguu mzima, yaani ule usiouma, na ubaki juu ya ule unaouma kwa sekunde 30. Maumivu yakija ubavuni ndani ya muda huo, ushahidi unaongezeka. Usipoumia unapobonyeza, tafuta sababu nyingine.

Kisha vaa soksi. Mwenye maumivu ya ubavu kwa kawaida huinua mguu na kuvaa soksi bila shida kubwa. Aliyechakaa kiungo chenyewe cha nyonga hupigana na soksi na kamba za viatu, maumivu yake hukaa kinenani, na ukijaribu kuuzungusha mguu wake kwa ndani unagoma. Kwa mwenye tatizo la mgongo, maumivu hushuka kupita goti hadi kwenye unyayo, pengine na ganzi. Ya ubavuni yanaweza kushuka kwa nje ya paja hadi karibu na goti, na mara nyingi huishia hapo. Mtu anaweza kuwa na mawili kwa pamoja, tena si ajabu kuyakuta mgongo na ubavu kwa mtu mmoja.

Eksirei haionyeshi kano wala kifuko. Ina faida ya kuangalia kiungo na mfupa, kwa hiyo daktari akiiomba ana sababu, ila majibu yakirudi "hakuna kitu" usidhani umeambiwa unajisingizia.

Yafuatayo hayasubiri mazoezi wala mto wa kulalia. Umeanguka na huwezi kuukanyagia mguu. Una homa, na ubavu umekuwa mwekundu, wa moto na umevimba, kwa sababu kifuko kinaweza kuingia usaha, na kwa nadra hata kifua kikuu hukaa humo. Unapungua uzito bila sababu, au umewahi kuugua saratani, na maumivu hayakuachii hata ukibadili mkao. Umetumia steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe mwilini) kwa muda mrefu au una selimundu na nyonga imeanza kuuma kwa ndani, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu. Mguu umelegea ghafla, au huwezi kuzuia mkojo. Katika hali hizo nenda hospitali.

Usiku

Naanza na usiku kwa sababu ndiko watu wanakoumia zaidi, na ndiko nafuu huonekana mapema. Mtu analala kwa muda wa saa saba kano ikiwa imebanwa, kisha anafanya mazoezi dakika kumi mchana na kushangaa hayamsaidii.

Kulalia upande unaouma kunabonyeza nundu moja kwa moja. Hilo kila mgonjwa ameshaligundua mwenyewe. Lisilojulikana ni kwamba kulalia upande mzima nako kunaumiza, maana mguu wa juu, ambao ndio mgonjwa, huanguka mbele na chini, goti likagusa godoro, na ukanda ukakazwa usiku kucha. Ndiyo maana watu huniambia, "Nimejigeuza upande wa pili na bado inauma."

Mkao ninaoupenda kuliko yote ni chali, mto mnene chini ya magoti, miguu ikiwa imeachana kidogo. Najua wengi hawawezi kusinzia chali. Kama ni wewe, lalia upande mzima, lakini uujaze nafasi iliyo kati ya miguu. Hapa ndipo watu hukosea: wanaweka kimto kimoja chembamba kati ya magoti, goti linabaki juu kidogo na kifundo kinaning'inia. Mguu wa juu unatakiwa ukae sawa na nyonga, kuanzia goti hadi kifundo cha mguu. Kwa wengi hiyo ni mito miwili migumu iliyopangwa kwa urefu, au blanketi lililokunjwa na kufungwa. Mwombe mtu akutazame kwa nyuma ukiwa umelala: paja la juu lisiteremke kuelekea godoroni.

Kama hujigeuza usingizini ukaamka juu ya ubavu unaouma, weka mto mwingine nyuma ya mgongo ukuzuie. Godoro likiwa gumu sana, tandika blanketi nene au duveti iliyokunjwa juu yake, chini ya shuka. Godoro jipya si lazima. Jaribu blanketi kwanza.

Asubuhi usiruke kitandani. Geuka magoti yakiwa pamoja, kaa ukingoni, simama, tulia kidogo, ndipo utembee. Hatua za kwanza ndizo zinazochoma.

Mchana

Nilikuwa na mgonjwa mwalimu. Mazoezi alikuwa akiyafanya vizuri kuliko wengi, na hakuwa anapona. Siku moja nikamwambia, "Mama, simama kama unavyosimama darasani." Akasimama: uzito wote mguu mmoja, kiuno kimetoka nje, mkono kwenye meza. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisimama kila siku ya kazi. Tulipoanza kurekebisha kusimama kwake, mazoezi yale yale yakaanza kumsaidia. Jikague unaposubiri foleni, unapoongea na simu, unapoosha vyombo. Gawa uzito miguu yote miwili, na magoti yasifungwe kwa nguvu. Wanaombeba mtoto kiunoni husimama hivyo hivyo. Mbebe mgongoni au kwa mbele, kifuani.

Kukaa ukiwa umepandisha goti juu ya goti ni kubanwa kule kule, hata kama hakuumi wakati huo. Kukaa miguu imekunjwa sakafuni, au kwenye kochi la chini ambalo magoti hupanda juu kuliko nyonga, nako acha kwa muda. Tafuta kiti kirefu kidogo au ongeza mto wa kukalia. Dereva mmoja niliyemtibu hakuhitaji zaidi ya kuinua kiti cha gari na kuacha goti lake lisidondoke kwa ndani kwenye pedali, ingawa alitaka sana nimpe jambo gumu zaidi. Unapoinuka, sogea ukingoni, achanisha miguu kwa upana wa nyonga, inama mbele, kisha jisukume kwa miguu yote miwili.

Ngazi: kipindi cha maumivu makali, panda ukitanguliza mguu mzima, shuka ukitanguliza mgonjwa, ngazi moja moja, mkono kwenye reli. Mkongojo hushikwa na mkono wa upande mzima. Watu wengi huushika upande unaouma, na wauzaji hawawaambii. Mzigo ni kinyume chake: mkoba au ndoo ubebe kwa mkono wa upande unaouma. Inashangaza, lakini mzigo ukiwa upande wa pili, misuli ya nyonga inayouma hulazimika kuvuta zaidi ili kiuno kisianguke.

Kutembea usiache. Punguza umbali hadi ule usiokuamsha usiku, chagua njia tambarare, fupisha hatua, na unyayo usivuke mstari wa katikati kama mtu anayetembea juu ya kamba.

Acha kujinyoosha

Hapa huwa nagombana na watu. Mtu akihisi ubavu umekaza, jambo la kwanza analofanya ni kuunyoosha: anapitisha mguu nyuma ya mwingine na kuinamia pembeni, au analala chali na kuvuta goti kuelekea bega la upande wa pili. Kwa dakika chache anajisikia vizuri. Kisha usiku unafika.

Tazama tena ule ukanda na nundu. Kuunyoosha ubavu ni kuuvusha mguu upande wa pili, na kuuvusha mguu upande wa pili ni kuikandamiza kano. Msichana mmoja mkimbiaji alikuja akiwa amejinyoosha kwa bidii kabla na baada ya kila mbio, akidhani hajajinyoosha vya kutosha. Nilimwondolea zoezi badala ya kumwongezea. Kujiviringisha kwa ubavu juu ya silinda gumu la povu nako sipendi, kwa sababu ile ile: kunakandamiza mahali palipoumia. Ukitaka kukandwa, kandwa nyama ya tako na ya paja, mbali na nundu.

Mazoezi, kwa mpangilio

Kipimo chetu ni maumivu kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, yakifika 3 endelea, yakiwa 4 au 5 punguza uzito au idadi, yakizidi hapo acha zoezi hilo kwa siku hiyo. Ila hakimu mkuu ni usiku. Ukilala vibaya kuliko jana yake, ulizidisha, hata kama mchana hukuhisi kitu.

Mwanzoni tunakaza misuli bila kuusogeza mguu. Lala chali, mto chini ya magoti, miguu imeachana kwa upana wa nyonga. Funga mkanda kuzunguka mapaja, juu kidogo ya magoti. Sukuma magoti kwa nje dhidi ya mkanda, polepole, kama robo ya nguvu yako. Shikilia sekunde 10, ukizoea fika 30, kisha achia polepole. Rudia mara 5, asubuhi na jioni. Wengi husukuma kwa hasira. Hapana, robo tu. Ukiwa umesimama unaweza kufanya la kufanana nalo: achanisha miguu zaidi kidogo kuliko upana wa nyonga, halafu kaza kana kwamba unataka kuipasua sakafu kwa pembeni, bila miguu kuteleza.

Hayo yakienda vizuri kwa wiki moja au mbili, ongeza mawili. La kwanza ni daraja: chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, inua makalio polepole, hesabu tatu, shuka polepole, mara 8 hadi 10, seti mbili. La pili ni kuinuka kwenye kiti kirefu na kukaa tena bila kujitupa. Fanya mbele ya kioo. Magoti yakikaribiana au kiuno kikikwepea upande mzima, ongeza urefu wa kiti. Naona zoezi la kiti ndilo lenye faida kuliko yote kwa mtu wa kawaida, kwa kuwa ndilo analolihitaji kila siku, na ndilo linalodharauliwa kwa kuonekana dogo.

Baadaye, mara nyingi baada ya mwezi hivi, ndipo inakuja kazi nzito: kusimama mguu mmoja ukigusa ukuta huku kiuno kikiwa sawa pande zote, kwenda ubavuni hatua ndogo ndogo na mkanda wa mpira umefungwa juu kidogo ya magoti, magoti yamekunjwa kidogo, daraja la mguu mmoja, kupanda kidato kifupi cha sentimita 10, kisha 15, kisha 20. Mazoezi haya mazito yanatosha mara tatu kwa wiki, siku ya kupumzika ikiwa kati. Yale ya kukaza bila kusogea unaweza kuyafanya kila siku.

Zoezi la kulala ubavu na kuinua mguu juu, ambalo kila mtu hulifahamu, siliharakishi. Ukilifanya mguu ukiteremka hadi chini, unaanza kila mrudio kano ikiwa imebanwa. Na ukilalia ubavu unaouma ili ufanyishe mguu mzima, umejiumiza bure.

Kano hujengeka kwa miezi. Usiku huweza kuwa bora ndani ya wiki chache, ngazi baadaye, na kusimama muda mrefu ndiko mara nyingi huja mwisho. Panga miezi mitatu kabla ya kutoa hukumu.

Dawa, sindano na vinginevyo

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, hupoza. Wengine hupendelea joto, na sina ugomvi nao, isipokuwa eneo likiwa limevimba na lina moto. Parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa inaweza kukusaidia ulale. Ibuprofeni na diklofenaki zina nguvu zaidi lakini ni za siku chache, na si za mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, bila daktari kuruhusu. Mwenye shinikizo la juu la damu naye aulize kwanza. Dawa za kupaka hazifiki mbali, kwa sababu nundu imefunikwa na tabaka nene.

Sindano ya steroidi, yenye au isiyo na dawa ya ganzi, huchomwa pale panapouma zaidi. Inafanya kazi, na inafanya haraka, jambo linaloifanya ipendwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wenye wagonjwa 229, ulilinganisha sindano, mazoezi ya nyumbani na mashine ya mawimbi ya mshtuko, inayopiga mawimbi ya sauti mahali panapouma. Baada ya mwezi mmoja sindano iliwafaa asilimia 75, na mazoezi asilimia 7 tu. Baada ya miezi 15 mambo yalikuwa yamegeuka: mazoezi asilimia 80, sindano 48, mashine 74. Mazoezi ya utafiti ule yalikuwa na kujinyoosha ndani yake, ambako mimi nimeshakuacha. Mwaka 2018 utafiti wa Australia wenye watu 204 ukajaribu mazoezi ya kujenga misuli pamoja na elimu ya kuondoa mgandamizo, kama niliyoieleza hapo juu. Baada ya wiki 8, takriban asilimia 77 ya waliopata elimu na mazoezi walisema wamepata nafuu ya kweli, waliochomwa sindano 58, walioachwa wasubiri 29. Baada ya mwaka, waliofanya mazoezi walikuwa takriban asilimia 79, wa sindano 58, na waliosubiri 52.

Kwa hiyo sindano siikatai. Naitaka kwa mtu ambaye hajalala kwa wiki kadhaa na hawezi hata kukaza msuli, imfungulie mlango aanze mazoezi. Naikataa pale inapotolewa peke yake, mtu akajisikia amepona, akarudi kusimama kiuno nje na kupandisha goti juu ya goti, kisha akarudi kutafuta nyingine. Kurudiarudia steroidi karibu na kano si jambo la kuchezea. Mwenye kisukari ajue sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa baada ya sindano, aipime mara nyingi zaidi. Ngozi ya mahali ilipochomwa inaweza kupauka au kubonyea, na siku moja au mbili za kwanza maumivu yanaweza kuzidi.

Likirudi, au likigoma

Maumivu huweza kurudi ghafla baada ya safari ndefu, kitanda cha ugenini au ngazi nyingi za siku moja. Usianze upya na usiache kila kitu. Rudi kwenye zoezi la mkanda na mito ya usiku kwa siku kadhaa, kisha panda tena ngazi za mazoezi kwa haraka kuliko mara ya kwanza. Mkimbiaji arudi kwa kuchanganya kutembea na kukimbia kwenye tambarare, hatua fupi na za haraka, na akwepe ukingo wa barabara ulioinama upande mmoja.

Miezi mitatu ya kazi ya kweli ikipita bila nafuu yoyote, hapo ndipo naona altrasaundi au MRI ina maana, maana huenda kano imechanika. Mawimbi ya mshtuko hujaribiwa katika hatua hii. Upasuaji wa kuondoa kifuko, kulegeza ule ukanda au kushona kano upo kwa wachache, na baada ya kushonwa kano mtu hutembea na magongo kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza upya kujenga misuli. Ukienda kuonana na daktari wa mifupa, mpelekee karatasi yenye mambo matatu: mazoezi gani umefanya na mara ngapi kwa wiki, sindano ngapi umechomwa na lini, na unalalaje. Asipoyajua hayo, anaweza kukuanzishia yale yale uliyokwisha kuyafanya.